Kidole Gumba Kimestaafu

Watu wakiiona stiki yangu ya kuchezea gemu huanza na bei. Nikiwatajia hunitazama kwa huruma, kisha huuliza kama inasaidia kushinda. Kwa miezi mingi ya mwanzo jibu langu lilikuwa kwamba inasaidia kushindwa, wala sikuwa nafanya mzaha. Mtaani kwetu nilikuwa mchezaji wa kuheshimika wa gemu ya mapigano ya Tekken, mtu ambaye akiingia kwenye chumba chenye PS4 huachiwa nafasi bila kuomba. Nilipoiacha padi nikaanza kupigwa na vijana niliowafundisha mwenyewe namna ya kukinga. Nasimama kushuhudia hapa bila kumwomba mtu sadaka, na bila kumtaka mtu auze padi yake.

Nimekulia Ng'ambo, mjini Unguja, na Tekken niliyoikuta kwenye mabanda ya gemu ni ya 3. Kwenye PlayStation ya kwanza ilitoka mwaka 1998. Sisi tuliipata baadaye, kwa sidi za kunakili zilizoandikwa jina kwa kalamu, kwenye TV ya chogo ambayo rangi ya kijani ilikuwa imeshaikimbia. Sheria ilikuwa moja: anayepigwa anatoka. Ukiwa na hela ya mechi moja tu na hutaki kurudi nyumbani mapema, huna budi usipigwe. Ndiyo maana watu walimpenda Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kapoera. Mtoto asiyejua lolote akikandamiza batani za mateke ovyo ovyo anaweza kumlaza mtu mzima aliyejinoa wiki nzima. Kwenye banda letu ilifika hatua Eddy akapigwa marufuku Ijumaa baada ya sala, kwa kuwa ndiyo saa waliyokuja wakubwa, na wakubwa hawapendi kuaibishwa mbele ya watoto.

Padi za pale zilikuwa zimechoka. Chini ya ule msalaba wa padi pana kipande cha mpira laini chenye vidoa vyeusi vinavyopitisha umeme. Ukibonyeza, kidoa kinagusa ubao wa saketi na mashine inajua umeelekea wapi. Mpira ukichakaa, upande mmoja wa msalaba hufa. Padi namba mbili ya banda letu haikuwa na chini mpaka uikamie kwa gumba zima, na nadhani wengi wa rika langu tulijifunza kubonyeza kwa hasira kwa sababu hiyo. Umeme wa kutoka bara ulipokatika Unguja kwa miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, mwenye banda aliwasha jenereta, akapandisha bei, nasi tukalipa. Wakati huo tulishafika Tekken 5, na gumba langu la kushoto lilishaota sugu.

Msalaba huo, kwa taarifa ya wasiojua, ulibuniwa na Gunpei Yokoi wa Nintendo kwa ajili ya mashine ndogo ya mkononi ya Donkey Kong mwaka 1982. Kazi yake ilikuwa kumtembeza mtu na kumpandisha ngazi. Kwamba umekuja kubeba ugomvi wote wa ukoo wa Mishima wa kwenye Tekken ni miujiza, na mimi siuvunjii heshima.

Mtu wangu ni Kazuya. Anayemjua Kazuya anajua ninachotaka kusema, na asiyemjua nitamweleza, kwa kuwa shida yangu yote ilizaliwa hapa. Kazuya ana ngumi ya kupandisha ambayo watu huiita umeme. Unagusa mbele, unaachia mpaka katikati, unagusa chini, kisha pembe ya chini-mbele, na kwenye pembe hiyo hiyo unabonyeza ngumi ya kulia. Mchezo unakwenda kwa fremu 60 kila sekunde. Pembe na ngumi vinatakiwa vifike ndani ya fremu moja, yaani sehemu moja ya sitini ya sekunde. Ukichelewa kidogo inatoka ngumi ya kawaida, ambayo adui akiikinga anakuadhibu. Ukipatia, cheche za buluu zinaruka, na hata adui akikinga wewe ndiye unayetangulia kwenye hatua inayofuata. Tofauti ya hizo mbili ni tofauti ya mtu anayeogopwa na mtu anayesubiriwa.

Kwa padi nilikuwa naitoa vizuri nikiwa upande wa kushoto wa skrini. Nikihamia kulia ilikuwa bahati nasibu. Sababu yake iko kwenye kidole chenyewe: upande mmoja gumba linajinyoosha, upande wa pili linajikunja, na misuli inayofanya kazi hizo mbili haina nguvu sawa. Tena msalaba hauna pembe. Chini-mbele unaipata kwa kulalia mikono miwili ya msalaba kwa pamoja, na gumba halina namna ya kujua limelala sawasawa mpaka uone Kazuya amefanya nini. Tekken 7 ilipoingia majumbani mwaka 2017 nilikuwa na umri wa kufanya kazi mchana na kucheza usiku, na shina la gumba likaanza kuuma kiasi kwamba kufungua kifuniko cha chupa ya maji nilimpa mtu mwingine. Maumivu ndiyo yaliyonisukuma. Sikuwa na falsafa yoyote.

Binamu yangu anafanya kazi Muscat, na huko kuna vijana wa Kihindi, Kiomani na Kifilipino wanaouziana vifaa hivi vikiwa vimetumika. Stiki mpya iliyo nzuri huweza kuzidi dola 200, fedha ambayo kwetu inanunua mambo mengi yenye faida zaidi. Iliyotumika ilikuwa chini ya hapo, na binamu alinipa muda wa kulipa. "Yakhe," aliniambia kwenye simu, "hii ni nzito, usije ukaniambia nikuletee nyingine." Ilifika ndani ya sanduku, imeviringishwa kwa nguo za watoto na chupa mbili za udi. Aliyelikagua sanduku alimwuliza kama ni mashine ya DJ. Binamu akasema ndiyo, kwa kuwa kueleza ukweli kungechukua muda.

Nikaiweka mezani nikaitazama. Boksi bapa, kushoto mpini wenye kichwa cha mviringo mfano wa mpira mdogo, kulia batani nane pana za duara. Nilikuwa nimeziona kwenye video za mashindano ya Evo, mikono ya Wajapani ikicheza bila haraka. Sikuwa nimewahi kugusa hata moja. Hilo linahitaji maelezo kidogo. Gemu za mapigano zilizaliwa kwenye mashine kubwa za kutumbukiza sarafu. Street Fighter II, iliyotoka mwaka 1991, iliwekwa kwenye mashine yenye mpini na batani sita, na Tekken nayo ikaanzia humo mwaka 1994 ikiwa na batani nne, moja kwa kila kiungo: ngumi mbili juu, mateke mawili chini. Hata Tekken 7 iliwekwa kwenye kumbi za michezo za Japani mwaka 2015, na ikapita miaka miwili na ushei kabla ya kufika majumbani. Kwa mtu wa Tokyo au Seoul mpini ndio mwanzo, padi ilikuja baadaye. Kwetu ilikuwa kinyume. Gemu ilitufikia ikiwa imeshakatwa mkono wake wa kwanza, tukaijua hivyo hivyo, tukaipenda hivyo hivyo.

Usiku wa kwanza sikuweza kutembea. Sisemi kupiga, kutembea. Nilitaka kurudi nyuma hatua mbili, Kazuya akaruka juu. Nilitaka kuchuchumaa, akaenda mbele. Mkono mzima ulikuwa unafanya kazi iliyozoea kufanywa na kidole kimoja, na mkono mzima ni kitu kikubwa sana kwa safari fupi kama ile. Nikauweka mpini kiganjani kama ninavyoshika gia ya gari, bega likaingia kazini, na baada ya saa moja nilichoka mpaka shingo.

Mshiko nilijifunza polepole. Wajapani wengi hukilaza kiganja kikitazama juu, kijiti cha mpini kikapita kati ya kidole cha kati na cha pete, au kati ya cha pete na cha mwisho, mpira ukakaa kiganjani. Wengine hushika kutoka juu kwa vidole vitatu. Wakorea, ambao kwa Tekken ni walimu wa dunia, wana mpini wao kabisa: kichwa chake ni kirefu mfano wa yai, na kinachourudisha katikati ni mpira mgumu badala ya springi. Nilijaribu mishiko yote na kuishia na wangu, nusu Kijapani nusu wa mtu anayechota unga. Nikimwonyesha mjuzi atacheka. Unafanya kazi.

Kilichonisaidia kuliko video zote ni kuifungua. Bisibisi moja ilitosha. Mpini wa Sanwa wa aina ya JLF, ambao ndio umeenea zaidi kwenye stiki za Kijapani, ukiutazama kwa chini una swichi ndogo nne: juu, chini, kushoto, kulia. Hakuna kingine. Kijiti kinapoinama, mkia wake unasukuma swichi moja. Ukiinamia pembeni, unasukuma mbili kwa pamoja, na hiyo ndiyo pembe. Chini ya swichi pana sahani ya plastiki yenye tundu la mraba inayozuia kijiti kisipite mpaka. Nilipouona mraba ule nilicheka peke yangu. Swichi inalia kabla kijiti hakijafika ukutani, na mimi kwa wiki nzima nilikuwa nausukuma mpini mpaka ukutani, tena kwa nguvu, kama vile bado nina padi namba mbili ya banda mkononi. Safari yote ile baada ya mlio wa swichi ni muda unaopotea. Na zile kona nne za mraba ndizo pembe zenyewe: mkono unaweza kuzisikia, jambo ambalo msalaba haukuwahi kunipa.

Mlio nao ni habari nyingine. Swichi za mpini hulia, na batani zikipigwa kwa vidole vinne hulia zaidi. Nyumba yetu ina kuta nyembamba. Asubuhi moja mama aliniuliza, kwa upole wa mtu aliyefikiri sana kabla ya kuuliza, "Mwanangu, hiyo kazi unayochapa usiku kucha wanakulipa?" Alidhani nimepata kibarua cha kuandika nyaraka. Nilimwonyesha. Akaigusa batani moja, akasema afadhali ya zamani, ile ndogo, maana ile ilikuwa haisemi. Nikaanza kuweka taulo chini ya stiki na kufunga mlango, na kwa kweli taulo lilisaidia jambo la pili pia: haikuteleza tena kwenye mapaja. Kikoi kinateleza, yeyote anayefikiria kucheza kwa stiki akiwa amevaa kikoi nimeshamwambia.

Sasa nije kwenye vipigo, maana ndimo mlimo na habari.

Kwa padi nilikuwa na tabia zisizopitia kichwani. Adui akinikaribia, gumba lilichuchumaa lenyewe na ngumi fupi ikatoka. Adui akikosa pigo, teke la kuruka lilitoka. Nikibanwa kwenye ukuta nilifanya jambo lile lile kila mara, na kila aliyecheza nami zaidi ya wiki alilijua, isipokuwa mimi. Niliyaita hayo uzoefu. Baada ya kuhamia stiki hakuna hata moja lililobaki. Teke la kuruka halikutoka kwa sababu mkono haukujua njia. Ngumi ya kuchuchumaa ilitoka imechelewa, nikapigwa katikati ya kuinama. Njia pekee niliyoimudu bila kufikiri ilikuwa kuvuta mpini nyuma na kuuacha pale, yaani kukinga nikiwa nimesimama.

Basi nikakinga. Nilisimama pale Kazuya wangu akipigwa mvua, na kwa mara ya kwanza tangu mabanda ya Ng'ambo nikawa natazama mkono wa mtu mwingine. Kijana mmoja wa Mikunguni anayemtumia mhusika Paul alikuwa akinisumbua miaka yote kwa mfululizo wa mapigo matatu. Nilikuwa najibu baada ya pigo la pili na kupigwa na la tatu, halafu nalaumu mtandao au padi. Sasa, kwa kuwa sikuweza kujibu, niliyaona yote matatu yakipita, na nikaona kwamba baada ya la tatu amesimama wazi. Alikuwa wazi miaka yote. Nikaanza kujibu hapo tu, kwa ngumi mbili fupi, jambo jepesi kuliko yote kwenye mchezo. Siku hiyo alinipiga bado, lakini kwa taabu, na akaniuliza nimejifunza wapi. Sikuwa na jibu zuri. Kumwambia mtu umejifunza kwa kutoweza ni maneno ya kichaa.

Mitupo ilikwenda vivyo hivyo. King, mhusika anayesifika kwa mitupo, anapokuja kukukamata, ukitazama vizuri utaona mkono upi umetangulia: wa kushoto, unajinasua kwa batani ya ngumi ya kushoto, wa kulia, kwa ya kulia, yote miwili, kwa zote mbili pamoja. Hili lilijulikana tangu zamani, hata sisi tulilisikia mabandani. Ila kwa padi gumba moja la kulia lilitawala batani nne, kwa hiyo lilikuwa sehemu fulani, likifanya jambo fulani, wakati mkono wa King unakuja. Kwenye stiki kila batani ina kidole chake kinachoisubiri. Cha shahada kiko kwenye ngumi ya kushoto, cha kati kwenye ya kulia, na kubonyeza mbili pamoja hakuhitaji kulaza kidole wala kutafuta batani ya bega. Faida hii ni ya kifaa kweli, naikubali bila kubisha. Lakini macho yaliyokuwa yakitazama mkono wa King yalikuwa yameshapatikana kwenye zile wiki za kusimama tu.

Umeme ulikuja wa mwisho, na haukuja kwa mbwembwe. Kosa la wengi, na mpini hulalamikiwa bure, ni ile katikati. Mbele, achia, chini, pembe: hilo neno achia lina maana ya kuacha springi ifanye kazi. Nilikuwa naurudisha mpini katikati kwa mkono, kisha naushusha. Siku niliyolegeza vidole na kuiacha springi irudi yenyewe, cheche za buluu zikatoka, na zikatoka tena, na nikahamia upande wa kulia wa skrini, zikatoka huko pia. Si kila mara. Hadi leo si kila mara. Lakini pande zote mbili sasa zinafanana, maana kifundo cha mkono hakina upande kinaouchukia kama gumba. Maumivu ya shina la gumba yaliondoka. Yalikuja mengine, ya kifundo, kwa muda mfupi, mpaka niliposhusha kiti.

Kurudi nyuma kwa Kikorea kulinichukua muda mrefu zaidi. Ukiruka nyuma unabaki umefungwa kwa muda kabla ya kuweza kuruka tena. Wanachofanya Wakorea ni kugusa pembe ya chini-nyuma ili kuukatiza huo muda, kisha kurudi nyuma tena, na tena, hadi mhusika anatiririka kwenye sakafu kana kwamba anavutwa kwa kamba. Wakifanya wao hakuna mlio wa haraka unaosikika, ni mkono unaotikisika kidogo tu. Mimi hadi sasa jirani anajua ninapofanya mazoezi ya jambo hilo.

Sasa nitasema jambo linalowaudhi wenzangu wa stiki. Nilikwenda Dar kwa shughuli ya arusi, nikaingia kwa rafiki mmoja Magomeni, na pale kulikuwa na padi mbili tu. Nikashika. Nilitegemea gumba litakuwa limesahau, na kweli umeme haukutoka, lakini nilishinda zaidi ya nilivyowahi kushinda kwa padi maishani mwangu. Nilikuwa nakinga. Nilikuwa nasubiri pigo la mwisho la mfululizo. Tabia za zamani hazikurudi, au zilirudi zikanikuta macho. Kwa hiyo yale yaliyobadilika hayakuwa ndani ya boksi. Ningeweza kuyapata kwa padi, kama ningekuwa aina ya mtu anayeweza kujikataza mwenyewe kubonyeza. Mimi si aina hiyo. Ilibidi kitu kininyang'anye mikono ndipo macho yafanye kazi.

Nao ushahidi wa upande wa pili upo wazi. Mwaka 2014 Mfaransa Olivier Hay, anayeitwa Luffy, alishinda Ultra Street Fighter IV kwenye Evo kwa padi ya PlayStation ya kwanza, aina ile ile ya padi tuliyoiharibu mabandani, wakati waliomzunguka wamebeba maboksi makubwa mapajani. Mtu akiniambia stiki ndiyo njia pekee humtajia jina hilo. Akiniambia padi inatosha na kuhama ni ujinga wa fedha, humtajia gumba langu. Mijadala ya vifaa haina mwisho mzuri, na mara nyingi inaendeshwa na watu ambao hawajacheza wiki nzima.

Stiki ina jambo jingine ambalo padi haina: inatengenezeka. Hewa ya Unguja ina chumvi, na msimu mmoja wa masika upande wa kushoto wa mpini ukaanza kukataa. Niliichukua kwa fundi wa redio karibu na Darajani, mzee asiyejua Tekken ni nini. Akaifungua, akazitazama zile swichi nne, akasema hizi ni jamii ya zile za mlango wa maikrowevu, ila ndogo. Akachomoa iliyoota kutu, akatafuta kwenye kopo lake, akalehemu nyingine. Ilikuwa na mlio tofauti na zile tatu, mpaka leo nikirudi nyuma nasikia sauti nyingine. Alipomaliza aliujaribu mpini kwa kidole kimoja, huku na huku, akauliza unachezewa nini. Nikamweleza kuhusu baba anayemtupa mwanawe mwenyewe kutoka juu ya jabali, na mwana anayerudi kulipiza. Akasema hiyo ni tamthilia ya kutosha, kwa nini kuwe na gemu.

Siku hizi mpinzani wangu mkubwa ni mtoto wa dada yangu. Hana padi wala stiki. Anacheza kwa kibodi ya kompyuta, vidole vinne kushoto, vinne kulia, na kumbe huo ndio mwelekeo wa dunia: mabingwa wengi wamehamia kwenye maboksi yasiyo na mpini kabisa, yenye batani tupu, ambapo mbele ni batani, chini ni batani, na pembe ni batani mbili pamoja. Umeme anautoa kama anayehesabu hela. Alinitazama siku moja nikifanya mazoezi, akavumilia kwa adabu, kisha akashindwa.

"Mjomba, kwa nini unautembeza mpini kote huko? Mimi kidole kinashuka tu."

Nilimweleza habari za springi na kona za mraba. Alisikiliza. Kisha akasogeza kibodi mbele yangu akaniambia nijaribu, na nikajaribu, na Kazuya akaruka juu nilipotaka arudi nyuma. Vidole havikujua njia yoyote. Nilijikuta nimesimama nakinga, naye anacheza na Eddy, na kwa raundi ile nikaona pigo lake moja la chini ambalo kwa stiki lilikuwa likinipita kila siku, namna anavyoinamisha mwili kwanza.

"Unaona?" akasema, akidhani nimekubali habari ya kasi. "Hamia huku."

Nikamwambia asubiri. Nikavuta stiki mapajani, nikaweka taulo vizuri, nikamwambia amchague Eddy tena.